Veeru naye katangulia: Dharmendra amefariki, na safari hii ni kweli

#1 Mtoto wa Kisutu
Wakuu, poleni. Najua wengine mtaufungua uzi huu mmekunja uso, maana tarehe 11 mwezi huu tulilizana humu bure. Kurasa tatu za "pumzika kwa amani", kumbe mzee wa watu yuko hai hospitalini, na mkewe Hema Malini na binti yao Esha wakatoka hadharani kuwasuta waliotangaza. Kesho yake akaruhusiwa kurudi nyumbani. Ule uzi ulifutwa, na waliofuta walifanya la maana.

Leo ni kweli. Dharmendra, yule mwigizaji wa sinema za Kihindi, Veeru wa picha ya Sholay, amefariki Mumbai, Jumatatu hii ya 24 Novemba 2025, na wameshamchoma kwa mila yao kule Vile Parle. Zilibaki wiki mbili kamili atimize miaka 90. Alizaliwa 8 Desemba 1935.

Sasa mniwie radhi, nina shida yangu. Baba yangu ana miaka 71. Siku ile ya uzushi mimi ndiye niliyempelekea habari, mbio mbio kama niliyetumwa. Akaacha tonge, akanawa, akaenda kukaa kibarazani mpaka Magharibi. Usiku nikarudi tena: "Baba, kumbe hajafa." Akanitazama weee, akasema, "Usiniletee tena maiti za kwenye simu."

Leo maiti ipo kweli. Nimwambie au ninyamaze?

#2 Kinyozi Mstaafu
Mwambie. Ila simu iache chumbani.

#3 Bint Vuga
Poleni wenzangu. Mie nilikuwa mdogo, Dharmendra nimemjua kwa mama yangu. Unguja kulikuwa na shoo za wanawake pekee, za mchana, mabuibui yamejaa mpaka ngazini. Sisi watoto tukipakatwa ili tusilipiwe. Mama akirudi humkalisha bibi, ambaye sinema hakuwa akenda, akamhadithia picha nzima tangu majina ya mwanzo mpaka mwisho, nyimbo anaziimba, na Kihindi hakijui hata cha kuombea maji. Akifika kwa Dharmendra husema "yule kijana wangu". Baba yupo pale pale anakunywa chai, kimya.

Siku moja baba akatoka na vifungo vitatu vya shati wazi, kifua nje. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Hakufungua tena vifungo yule mzee, Mungu amrehemu.

#4 Dogo Mabibo
Samahanini wazee wangu, huyu ndiye baba yake Sunny Deol? Sunny namjua vizuri kwa ngumi zake. Mzee mwenyewe sijawahi kumwona.

#5 Mtoto wa Kisutu
Ndiye. Baba wa Sunny na Bobby wote wawili. Ngumi umeziona kwa mtoto, zilianzia kwa huyu.

#6 Mzee wa Roli
Dogo, kaa kitako nikueleze, nina muda, mvua inanyesha huku Tanga.

Huyu jina lake kamili Dharam Singh Deol, mtoto wa mwalimu, kazaliwa kijiji cha Nasrali huko Punjab. Hakutoka ukoo wa sinema. Alikuwa mtazamaji kama mimi na wewe, kijana wa shamba anayemhusudu mwigizaji Dilip Kumar, mpaka akajitosa kwenye shindano la jarida la Filmfare la kutafuta vipaji, akapata, akaenda Bombay. Picha yake ya kwanza ilitoka 1960. Alisota miaka kadhaa, halafu 1966 ikatoka Phool Aur Patthar, yeye ni mhuni, na kuna mahali anavua shati lake akamfunika bibi kizee ombaomba aliyelala. Hapo ndipo watu walipomshika. Wanawake walikiona kifua, sisi wanaume tukasema tunalipenda lile shati alilompa bibi. Kila mtu na sababu zake.

Sasa niwape moja ambayo sijawahi kuiandika popote. Mimi ujana wangu nilikuwa msaidizi wa mwonyesha picha, kwenye jumba moja hapa Pwani, silitaji. Kazi yangu kurudisha mkanda kwenye roli ukishachezwa, kupanga makopo ya roli, na kumfuatia fundi sigara. Ikaja Sholay. Wote mnaijua: Veeru ni Dharmendra, Jai ni Amitabh, wezi wawili wanaajiriwa na Thakur asiye na mikono wamkamate jambazi Gabbar. Picha ya zaidi ya saa tatu, makopo chungu nzima.

Mnaelewa kanuni yetu ya zamani: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini hafi. Ukiona amekufa ujue si stelingi. Na kwenye Sholay kuna stelingi wawili, na mmoja anakufa! Jai anakata roho mikononi mwa Veeru. Siku ya kwanza ukumbi ulinyamaza mpaka unasikia mashine inavyokwaruza. Kisha mtu huko nyuma akapiga kelele, "Bado! Ataamka!"

Siku ya tatu, wakuu, mimi nikakosea makopo. Jai kafa, Veeru kamlaza, kajifuta machozi, kasimama kumfuata Gabbar, roli ikaisha. Fundi akapokea kopo nililompa bila kuliangalia. Kwenye pazia wakatokea Jai na Veeru juu ya ile pikipiki yenye kitoroli ubavuni, upepo, wimbo, wanacheka.

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti. Watu wazima walikumbatiana na wasiojuana nao. "Si nilisema! Si nilisema ataamka!" Mimi kule juu naona nilichofanya, fundi anatukana kwa lugha mbili, na hakuna aliyetaka kuzima. Aliacha wimbo uishe ndipo akabadilisha. Hapo sasa zilirushwa chupa za soda na mishikaki, na wiki ile sikulipwa.

#7 Dogo Mabibo
Nimecheka ndani ya daladala mpaka konda kaniuliza kama niko sawa.

#8 Mja wa Makadara
Poleni ndugu zetu, kutoka Mombasa. Hiyo hadithi ya roli imenimaliza kabisa. Huku kwetu kwenye sinema ya Naaz ukikosa tikiti unanunua kwa walanguzi nje kwa bei ya mara mbili, na bado unaenda kukaa safu ya mbele kabisa, shingo inauma siku mbili. Mimi nilikuwa mtu wa Dharam Veer. 1977. Dharmendra kavaa kile kijivazi kifupi cha kama askari wa Kirumi, na yule kipanga wake mlinzi. Tukitoka tunajifunga leso za mama zetu kiunoni, tunashika fito, tunapigana mpaka usiku. Kipanga hatukuwa naye, tulikuwa na kuku.

#9 Mchambuzi Huru
Naomba nitofautiane na msiba bila kuudharau. Tuwe wakweli, marehemu alikuwa sura na kifua. Mwigizaji ni Dilip Kumar, ni Sanjeev Kumar, ni Amitabh. Dharmendra alikuwa anatoa macho, anakunja ngumi na kumwita adui mbwa. Ndiyo maana tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora hakuwahi kuipata hata mara moja, walimpa ya heshima ya maisha 1997, ya kumfuta machozi.

#10 Kinyozi Mstaafu
Kwenye msiba kuna mtu lazima aje na rula.

#11 Ticha Chuda
#9 umesema kweli kwenye tuzo, umekosea kwenye mtu. Kosa si lako, ni la picha zilizotufikia. Sisi huku tulipenda za ngumi, basi wenye majumba wakaleta za ngumi, na Dharmendra wa pili hatukumwona.

Katafute Satyakam ya 1969 ya Hrishikesh Mukherjee. Hakuna kifua pale. Ni mhandisi aliyeapa hatasema uongo wala hatapokea rushwa, na ukweli wake unamla yeye, unamla mkewe, mpaka anakufa masikini hospitalini. Mtu aliyeiona ile hawezi kuandika ulichoandika. Au nenda nyuma zaidi, Bandini ya 1963, yeye daktari wa gereza, mpole, sauti ya chini.

Na vichekesho je? Chupke Chupke, 1975, mwaka ule ule wa Sholay, na Amitabh yumo. Humo Dharmendra ni profesa wa mimea aliyeoa. Mkewe ana shemeji yake, mume wa dada, anayejiona bingwa wa lugha na wa kila kitu. Basi profesa anajifanya dereva mpya wa nyumba, anaongea Kihindi safi mno, kila neno la Kiingereza kalifukuza, mpaka bosi mwenyewe anaomba poo. Nilipoiona mara ya kwanza nilijua tu ni dereva wa daladala anayekataa kusema "breki" mpaka BAKITA watoe neno. Anacheza bila kukunja hata kidole, uso umenyooka, huku wewe unajinyonga kwa kicheko. Hiyo ngumu kuliko kulia.

#12 Mchambuzi Huru
Satyakam sijaiona. Nitaitafuta nirudi. Nikishaiona nitasema, hata kama ni kujikana.

#13 Bint Vuga
Na ile ya kulewa juu ya tangi la maji kwenye Sholay? Anamtishia shangazi wa Basanti, yule msichana anayempenda, kuwa atajirusha asipopewa mchumba, kijiji kizima kimekusanyika chini, chupa mkononi, anayumba. Hiyo si uigizaji hiyo? Mama yangu akisema, "Mlevi wa kweli hulia, huyu analia na kuchekesha pamoja."

#14 Mja wa Makadara
Yasemekana Dharmendra alitaka acheze Thakur, mkurugenzi Ramesh Sippy akamwambia sawa, lakini basi Veeru atakuwa Sanjeev Kumar, na Veeru ndiye anayempata Hema Malini. Akarudi kuwa Veeru haraka sana. Miaka mitano baadaye, 1980, akamuoa kweli.

#15 Kinyozi Mstaafu
Ilhali ana mke nyumbani na watoto wanne. Tuseme yote.

#16 Mja wa Makadara
Tumesema. Leo ni matanga.

#17 Simba wa Gerezani
Nauliza swali la zamani, labda wazee mtalimaliza leo. Mimi naapa niliona Thakur akimuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Kaka yangu anaapa polisi walifika wakamzuia Thakur na Gabbar akakamatwa hai. Tumegombana tangu ujana wetu.

#18 Mzee wa Roli
Kakako yuko sahihi. Mimi niliisukuma ile picha kwa mikono yangu, polisi walifika.

#19 Ticha Chuda
Wote sahihi. Picha ilitengenezwa Thakur akimuua Gabbar kwa miguu, na ndiyo mantiki yake, mikono alikatwa na huyo huyo. Lakini 1975 India ilikuwa kwenye hali ya hatari, bodi ya ukaguzi ikasema raia hawezi kujichukulia sheria, tena Thakur ni polisi mstaafu. Wakalazimika kupiga mwisho mwingine, polisi wanaingia dakika ya mwisho. Huo ndio uliokwenda kwenye majumba ya sinema. Ule wa asili ukaja kutoka kwenye kaseti za video baada ya miaka mingi. Kwa hiyo #17, wewe uliona kwa video, kaka aliona ukumbini. Mwaka huu huu, Juni, wameionyesha iliyorekebishwa upya na mwisho wa asili huko Bologna, Italia, kwenye uwanja wa wazi.

#20 Simba wa Gerezani
Kwa video, ndiyo! Kibanda cha nyuma ya soko, Gerezani. Wacha nimpigie kaka. Ugomvi wote huu, lo.

#21 Mgeni wa Ruwi
Salaam kutoka Maskati. Huku leo maduka ya Wahindi yote redio ziko kwenye nyimbo zake. Nimeingia kununua viungo, muuzaji ni mtu wa Kerala, mzee, namwambia "pole kwa Dharmendra" kwa Kihindi changu cha sinema, naye anastaajabu kimetoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Akadhani natania. Nikamwimbia kidogo ule wa Yaadon Ki Baaraat, ule ambao ndugu watatu waliopoteana wanatambuana kwao. Akaimba na mimi. Iliki kanipa bure.

Nawaulizeni lakini, nani alitufundisha hii? Hatukuwa na tafsiri wakati ule. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, au hayapo, na nusu ya ukumbi hawasomi. Tulielewaje?

#22 Bint Vuga
Alikuwapo daima mtu mmoja kila safu anayedai anajua Kihindi. Anatafsiri kwa sauti. Nusu ni uongo wake. Miaka ya baadaye nikaiona tena kwa maandishi nikagundua picha nzima tulikuwa na hadithi nyingine, na ile yetu nzuri zaidi.

#23 Mtoto wa Kisutu
Baba ndiye alikuwa mtu huyo kwenye sinema ya Avalon. Kihindi alijifunza kwa kubeba mizigo ya wenye maduka ya Kisutu, maneno yenyewe hamsini hayafiki, lakini alikuwa anaruhusiwa kukaa katikati ya safu ili asikike pande zote. Ndiyo maana nasita kumwambia. Kwake huyu si mwigizaji wa mbali. Huyu ni mtu aliyekuwa anamsemea.

#24 Dogo Mabibo
Kuna hili nimelisoma sasa hivi, mnisahihishe. Yule mkuu wa gereza kwenye Sholay, mwenye masharubu ya kama Hitler, naye amekufa mwezi uliopita?

#25 Ticha Chuda
Asrani. Tarehe 20 Oktoba, miaka 84. Amjad Khan aliyekuwa Gabbar aliondoka mapema sana, 1992. Sanjeev Kumar, Thakur, 1985, hakufika hata hamsini. Na Agosti mwaka huu Sholay ilitimiza miaka 50. Veeru aliiona hiyo siku, angalau.

#26 Mzee wa Roli
Kwa hiyo aliyekufa kwenye picha ndiye aliyebaki. Jai yupo, ana miaka 83, na Veeru ndiye kachomwa leo.

Mnakumbuka ile sarafu? Jai kila wakitaka kuamua jambo anairusha, na siku zote inaangukia upande wake. Akishakufa ndipo Veeru anaiokota, anaigeuza, pande zote mbili ni kichwa. Alikuwa anamdanganya ili kila mara yeye abebe la hatari. Niliitazama kile kipande kwa kitundu cha mashine mara nyingi kuliko nilivyokula wali mwaka ule. Dharmendra anaigeuza mara moja, anaigeuza tena, halafu anaitupa. Hasemi kitu. #9, ukirudi, tuanzie hapo.

#27 Mchambuzi Huru
Nimesoma. Nimekaa kimya.

#28 Mtoto wa Kisutu
Nimerudi wakuu. Nimetoka kwa mzee sasa hivi.

Nilifuata ushauri wa #2, simu niliiacha kwenye gari. Nimemkuta kijiweni na wenzake watatu, kahawa mezani, hakuna anayecheza bao. Nikajua wameshajua. Nikamwamkia, nikakaa. Akasema mwenyewe, "Leo ni kweli, siyo?" Nikasema ndiyo baba. Akauliza, "Nani kakwambia?" Nikasema familia yake yenyewe, na maiti imeshachomwa, watu wameona.

Akakaa. Kisha akauliza, "Amitabh alikwenda?"

Nikasema alikwenda, alionekana pale na mwanawe.

Akageuka kwa wenzake: "Alikwenda." Kama vile wao hawakunisikia. Mmoja akasema "Enhee," mwingine akaagiza kahawa nyingine, na mimi nikaletewa kikombe bila kuulizwa, jambo ambalo pale kijiweni halijawahi kunitokea.

#29 Bint Vuga
Umenitoa machozi na niko kazini. Mpe pole yetu mzee.

#30 Mtoto wa Kisutu
Zimefika. Ila ana ombi. Jumamosi wanakuja kwetu, wanne, anataka niwawekee picha. Nilidhani Sholay. Kakataa, hataki picha ya kufa mtu wiki hii. Anataka ile ya profesa dereva, na anasema aliwahi kuitafsiri Avalon akakosea mwisho, watu wakamzomea, anataka aione tena ajue alikosea wapi. Nani anayo yenye picha safi?

#31 Ticha Chuda
Ninayo. Niko Dar mpaka Alhamisi. Njoo na flashi, isiwe chini ya GB 16.

#32 Mchambuzi Huru
Ticha, na mimi nakuja na yangu. Niwekee Satyakam.